Ng'ombe Hawahesabiwi

Juma lililopita nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja hapa Shinyanga, nikisubiri barua. Mhadhiri mgeni, mtaalamu wa kupima akili za watoto, alikuwa akimhoji binti wa mfugaji.

"Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Binti akainamisha kichwa.

"Mzito wa akili. Hafai kuendelea na masomo," mhadhiri akasema, akiandika.

Mwanafunzi wake wa chuo kikuu, Msukuma mwenzetu, akasimama. "Samahani, Mwalimu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi, ni mkosi; hutambuliwa mmoja mmoja kwa sura, na akikosekana hujulikana. Niruhusu nimwulize mimi."

Akachuchumaa karibu na binti, akamwonyesha darasa lake lililopanga mstari nje. "Mayu," akamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "nani hayupo?"

Binti akatupa jicho dirishani mara moja tu. "Hayupo mwenye kovu shavuni, na dada yake anayechechemea."

Mwalimu mkuu akafungua rejista. Kweli, walikosekana hao hao wawili.

Mhadhiri akafuta alichoandika, kisha akamkabidhi mwanafunzi wake kalamu. "Andika wewe."

Barua yangu niliisahau pale pale mezani. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa fahari, kama baba wa binti yule na wa mwanafunzi yule.