Korongo Aliyecheza Kanisani

"Shangazi, huyo ndege sasa anakuchukia?"

Ritah alikuwa darasa la nne alipouliza hivyo, ameng'ang'ania ua wa wavu. Ndani ya ua shangazi yake, Awor, alishika debe tupu mkono mmoja na ufagio mkono wa pili, anahema kama mtu aliyekimbizwa, kumbe mkimbizaji ni yeye. Ndege mwenyewe alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali.  Awor alisema tu, "Shuka hapo, utararua gauni la shule," akapiga debe tena.

Awor hakuzaliwa mtu wa kunyamaza. Kwao Mulanda alifuga batamzinga, na mpita njia alimsikia akigombana nao kabla hajaiona nyumba. Alipoolewa Masaba, karibu na kinamasi, alipata kazi kwenye kituo kidogo kinachopokea wanyama pori waliofungiwa na watu: kobe wa kwenye beseni, tumbili wa mnyororo, kasuku waliokamatwa mpakani wamesongamana ndani ya kreti za soda. Wanatibiwa, na wakipata nguvu wanarudishwa porini. Sheria kubwa ya kituo ni kwamba mnyama haongeleshwi. Anayempelekea chakula hujifunika gunia lenye matundu mawili ya macho, anaweka, anaondoka, ili mnyama asizoee sura ya binadamu wala sauti yake.

Watu wa Masaba walicheka mpaka wakashika mbavu. "Awor anyamaze? Huyo watamfukuza kabla ya chai ya saa nne!"

Hawakumfukuza.

Korongo aliletwa na Okia, daktari wa wanyama wa kituo, kutoka baa ya bwana mmoja aitwaye Egesa mjini Busia. Ni korongo taji, yule yule anayesimama katikati ya bendera ya Uganda na shungi lake la dhahabu. Kuna watu huokota mayai yake kwenye mpunga, wakayatia chini ya kuku aatamie, halafu wakauza vifaranga. Egesa alinunua mmoja, akamkata manyoya ya bawa, akamfunga kamba mguuni, akamwacha azunguke kati ya meza za wateja. Siku ya kunyang'anywa alipiga kelele hadi watu wa bodaboda wakazima pikipiki wasikilize.

"Daktari, mimi nafuga bendera! Uzalendo imekuwa makosa lini?"

"Bendera gani inafungwa kamba, Egesa?"

"Zote! Nenda uone ile ya polisi pale!"

Watu wakaangua kicheko, hata Okia mwenyewe. Lakini Okia aliondoka na ndege.

Kidonda cha kamba kilikuwa kimeanza kuoza. Korongo akiona gunia anapigana, hakubali kufungwa dawa, kwa hiyo Okia alimruhusu Awor amhudumie uso wazi, siku za mwanzo tu. Awor hakutoa neno, ila ndege hakuhitaji neno. Akimwona tu, anamsogelea na kumwinamishia shingo kama mkwe anayesalimia. Mguu ukapona, manyoya yakaota upya, Awor akarudi ndani ya gunia. Mwisho walimwachia kinamasini, akapaa, wakapeana mikono. Kazi imekwisha, walidhani.

Jumapili iliyofuata Awor alikuwa kanisani, amesimama na kwaya. Kanisa lao lilikuwa na mabati lakini kuta bado. Pambio likakolea, ngoma zikaitika, makofi ya kanisa zima yakapanda. Mara kivuli kikapita juu ya nyasi, na korongo akatua nje, akatembea hadi katikati ya mabenchi, akaanza kucheza. Anainama, anafungua mabawa, anaruka, anazunguka. Watu wakazidisha makofi. Mama mmoja akapiga magoti akilia.

"Roho ameshuka!" alipaza sauti Mchungaji Mukhwana. "Nasema leo ameshuka na taji!"

Awor alitazama viganja vyake. Bado vilikuwa vinapiga.

Kumbe baani wateja walizoea kumpigia makofi, na akicheza wanamrushia njugu. Kituoni hakuna aliyejua, maana miezi yote walimzungukia kimya ndani ya magunia, na mahali pa kunyamaza nani atapiga makofi?

Mchungaji hakutaka kumtoa. "Daktari, huyu hakuitwa na mtu. Hata Eliya aliletewa mkate na kunguru. Wewe ungewakamata?"

"Mchungaji, hapa kwetu makofi yako kila mahali. Harusi, mikutano, mpira. Huyu akishuka kwa kila kofi, siku moja atashukia mikononi mwa mtu wa gunia na kamba, na safari hii hatutamwona tena."

Mukhwana alifikiri, kisha akampisha amrudishe ndege kituoni.

Jioni Okia alimweleza Awor mpango wake. Makofi yageuzwe kuwa jambo la hatari. Mtu apige, ndege aanze kucheza, na hapo hapo kitu kimtishe.

"Basi piga wewe," Awor alisema.

"Nikipiga mimi ataniogopa mimi, si makofi. Mimi hanipendi tangu nimchome sindano. Lazima apige mtu anayemwamini."

"Kwa hiyo mimi ndiyo naharibu imani hiyo."

"Wewe ndiyo unaweza, mama."

Mara ya kwanza Awor alipiga makofi uso wazi, korongo akaanza kuruka kwa furaha, Okia akafungulia mbwa wa jirani. Ndege alikimbia kweli. Alikimbilia kwa Awor, akazunguka nyuma yake, akaficha kichwa ndani ya kitenge chake. Okia akamkamata mbwa. 

"Mbwa haifai," Okia alisema, anatazama pembeni. "Itabidi hatari iwe ni wewe."

Ndiyo maana Ritah alimkuta na debe na ufagio. Anapiga makofi, halafu anamfukuza ndege ua mzima. Wanapumzika. Anapiga tena, anafukuza tena. Nyumbani akawa haongei, hata mumewe, Obbo, akauliza, "Mama, kwani hapa pia imekuwa kituo?" Kanisani alikunja mikono kifuani, na wanakwaya wakamtania, "Awor, mikono umeiacha sokoni?"

Korongo aliacha kucheza kwanza. Baadaye akawa anarudi nyuma. Kisha asubuhi moja Awor aliingia uani na kuinua mikono yote miwili, anataka tu kufunga kitambaa chake cha kichwa, na ndege akaruka hadi mwisho wa ua akagonga wavu.

"Imetosha," Okia alisema kutoka nje.

Awor akamaliza kufunga kitambaa, akaenda kuosha mabeseni.

Walimwachia tena kinamasini, safari hii na pete ya kijani mguuni. Jumapili makofi yalipanda kama kawaida. Awor alitazama nje, Mchungaji naye alitazama nje. Hakikushuka kitu.

Ritah alikua, akaenda kusoma bweni Tororo. Likizo moja, yuko senia tatu ya sekondari, alikuwa anachambua mchele na shangazi yake, akalitoa tena lile swali.

"Shangazi, hukunijibu siku ile. Yule korongo alikuchukia?"

Awor alipuliza makapi kwanza.

"Juzi nilipita kwenye mpunga ya jirani zetu kina Elungat. Korongo walikuwa wengi, wanakula, na mmoja ana pete ya kijani. Nikaweka jembe chini nikapiga makofi, mara moja tu. Wenzake bado wanageuza shingo, wanatafuta ni nini. Yeye alikuwa ameshapaa."