Friji Isiyokula Usiku

Mzee Ampea hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuna kitu alichokigusa bila kukipima kinakula ampea ngapi, na angeruhusiwa angempima hata mgeni kabla ya kumkaribisha. Miaka thelathini na moja alitengeneza friji za watu. Karakana ilipofungwa hakukaa kulia. Alinunua basi bovu, akalifufua injini, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na sola juu ya paa, akaanza kuifuata kambi ya wajenga barabara kila inakohamia, akiwatengenezea friji za kantini. Nyumba ikawa hiyo.

Mkewe alikubali kuhamia humo kwa sharti moja. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, anajidunga insulini asubuhi na jioni, na dawa hiyo haivumilii joto. Alimwambia mumewe atalala popote, hata juu ya matairi, ila dawa yake iwe salama. Mzee akaapa. Fundi friji mzima ashindwe kumtunzia mkewe vichupa vitatu? Watu wangemcheka mpaka kaburini.

Akaazima friji tatu, akazipima kila moja siku nzima. Ya kwanza ilikuwa ya gesi. Kwa gesi haikugusa betri, sawa, lakini ilitaka basi lisimame bila kuinama hata kidogo, na kambi ya barabara ina usawa gani? Ukiihamishia kwenye umeme, inakula ampea zaidi ya mia mbili kwa siku, utadhani ilitoka jela. Ya pili ni kile kiboksi kisicho na kompresa, ile mashine inayonguruma nyuma ya friji, ambacho wapita njia hukisifu kwa sababu kibandiko chake kinasema wati arobaini na nane tu. Mzee alicheka. Kibandiko hakikusema kwamba kiboksi hakipumziki, mchana na usiku kinanyonya, na siku ikiisha kimemaliza ampea tisini na sita. Ya tatu ilikuwa ya kompresa, kibandiko wati sitini, lakini inafanya kazi dakika ishirini, inalala arobaini. Kwa siku, ampea arobaini. Akaichukua hiyo, na hapo, tuseme ukweli, alikuwa sahihi kabisa.

Laiti angeishia hapo! Lakini mtu akisifiwa sana kwa jambo moja hulitafuta mpaka limtoe roho. Betri zake zilikuwa za zamani, na asubuhi alizikuta zimechoka. Hilo likamkera. Akabuni mbinu yake: mchana jua likiwa la bure na betri zimejaa, aliizungusha swichi ya baridi hadi mwisho, friji ikapiga kazi mfululizo, chupa za maji zikawa mawe. Alasiri akaizima. Zile barafu zilishika baridi mpaka kunakucha. Usiku ampea sifuri! Aliwasimulia mafundi wa kuchomelea, akamsimulia mpishi wa kantini mara tatu, na kila jua likichomoza alitazama betri kabla ya kumtazama mkewe.

Mkewe aliuliza mara moja tu, siku alipokuta hata nyanya zimeganda.

"Na dawa yangu?"

"Dawa inataka baridi," alijibu Mzee. "Nimeipa baridi."

Basi, nani abishane na fundi kuhusu friji? Mkewe alijidunga alfajiri na jioni, saa ambazo friji ilikuwa imezimwa na kichupa kidogo kimeshayeyuka hata kama chupa za maji bado zina barafu, na ndani yake aliona maji tu, meupe na safi kama siku zote.

Wiki ya pili kiu ikamshika. Akanywa maji ndoo nzima, akawa haachi kwenda chooni, macho yakaingia ukungu, gauni likamning'inia. Kipimo chake cha sukari kikapanda hadi kikaacha kutaja namba. Mzee akamgombeza. Alimwambia anajificha kantini kunywa chai ya sukari, kwamba mtu mzima hovyo, kwamba yeye anahangaika na friji huku mwenzake anabomoa. Mkewe aliapa hajala kitu. Mzee hakuamini, akaanza kumhesabia hata vijiko vya uji. Akamwongezea dozi kutoka vichupa vilevile.

Alipoanza kutapika na kuhema kama aliyekimbia, ndipo Mzee alipowasha basi, akaendesha kwa muda wa saa tano hadi hospitali. Muuguzi aliomba kuona dawa. Aliinua kichupa kwenye mwanga, akauliza kama iliwahi kuganda. Mzee, kwa mazoea, akaanza kumweleza habari za jua la bure na usiku wa sifuri. Alifika katikati akazikumbuka nyanya zilizoganda.

"Ikiganda hata mara moja imekufa, baba," muuguzi alisema taratibu. "Ikiyeyuka huwezi kuitambua kwa macho. Mama amekuwa akijidunga maji."

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alichuma peke yake na aliyelishwa ni mkewe. Alirudi wodini. Alijua la kusema, alilipanga lote pale mlangoni. Mkewe alifungua macho, akamtafuta kwa mkono kwa sababu hakuwa akimwona vizuri.

"Ni kweli nilikunywa ile chai ya sukari," alisema. "Siku ile ya mvua, nusu kikombe. Nilikuficha. Ona sasa nimejiua mwenyewe. Nisamehe, mume wangu."

Nusu kikombe! Nusu kikombe hakiui mtu, na Mzee alilijua hilo kuliko yeyote aliyekuwa mle wodini. Muuguzi alisimama pembeni na dripu, akimtazama, akingoja aseme. Aibu ikamshinda. Aliushika ule mkono uliokuwa umekauka, akauweka kifuani kwake.

"Nimekusamehe," alisema.

Mkewe akatabasamu, akamshukuru. Kesho yake saa nne asubuhi alifariki.