Dua Ndefu na Amotisere za Nyuma

Gari langu lina umri mkubwa kuliko kitinda mimba wangu, naye ana watoto watatu. Alhamdulillahi, bado linawaka. Siku ya Ijumaa hubeba wazee wanne kutoka mtaa wetu wa Kamembe hadi msikitini, na siku nyingine humpeleka mke wangu kwa dada yake Mururu. Kwa mwaka mzima amotisere zake za nyuma, yale mabomba ya chuma yanayozuia gari lisirukeruke, zilikuwa zimekufa, nami nilikuwa nasubiri. Mimi ni mtu wa subira. Watu wamenisifu kwa hilo tangu ujana, na mtu akisifiwa kwa jambo moja miaka hamsini huona aibu kuliacha, hata linapowaumiza wengine.

Walioumia ni waliokaa nyuma. Wazee wangu walipanda na udhu wakateremka na mashaka. Ijumaa moja tulisimama mlangoni pa msikiti, tukijadili kwa utulivu na kwa vitabu kama mwenzetu aliyegonga kichwa kwenye paa, akatamka neno la Kilingala ambalo alidai hajui maana yake, anapaswa kutawadha upya. Tukakubaliana arudie kwa tahadhari. Akasema tahadhari hiyo ingepelekwa kwa fundi.

Mke wangu hakungoja fatwa. Alianza kwenda Mururu kwa pikipiki, kofia ngumu juu ya mtandio, na mara mbili alinipita mlimani nikiwa nakwepa mashimo. Mara ya pili alinipungia mkono.

Basi nikamwita fundi. Ni mtu wa makamo, mtoto wa Wanyarwanda aliyezaliwa na kukulia ng'ambo ya mpaka, Bukavu ya Kongo, akarudi na ufundi wake na sauti nzuri ya kwaya. Hana gereji, hulifuata gari lilipo. Ana desturi moja: haanzi kazi bila sala. Kwa Mkristo mwenzake huomba mwenyewe, lakini kwa Mwislamu humwachia mwenye gari aombe, kwa heshima. Huku kwetu dini hazigombani. Zinashindana kwa adabu tu, na adabu nayo ina ajali zake.

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na udongo wa uani ulikuwa laini. Aliondoa zulia la buti la gari akanionyesha nati zilizoshika kichwa cha amotisere ya kushoto, nyekundu kwa kutu, ambazo alikuwa amepita asubuhi kuzinywesha mafuta. Alizilegeza gari likiwa bado limesimama kwenye magurudumu yake, na hapo nikaona anaijua kazi. Kisha akaliinua kwa kriki, yaani jeki, akatoa gurudumu, akajilaza kwenye katoni ili aingie chini kufungua bolti.

Nilitafuta kwa macho zile shandele, vile vigoda vya chuma vinavyobeba gari likishainuliwa. Hazikuwepo. Alisema ziko kwake Mururu, ni nzito, na bolti moja ni kazi ya dakika mbili. Mimi nimeshona makochi miaka arobaini. Nina kovu juu ya nyusi nililoachiwa na springi moja iliyokuwa imekaa kimya kabisa. Najua chuma kinachosubiri kina subira kuliko mimi. Lakini kwetu mwenye gari hamkosoi fundi mbele ya watu, na watu walikuwepo tayari: wapita njia sita saba, mwadhini wetu mstaafu ambaye ni jirani yangu, na kiongozi wa kwaya ya yule fundi, aliyesimama na baiskeli yake. Nikanyamaza, nikajihesabia kunyamaza huko kuwa thawabu.

Fundi alikuwa ameingia hadi kifuani. Akaita kutoka huko chini, "Muzee, utuombee kwanza. Ngoja nitoke, siwezi kuombewa nimelala kama mulevi."

Akatoka, akaacha spana yake pale alipokuwa amelala, akavua kofia, akasimama kando yangu. Nikainua mikono.

Nilikuwa nimekusudia maneno machache. Lakini kiongozi wa kwaya aliiegemeza baiskeli ukutani akainamisha kichwa, nami nikaona ni vyema asikie kwamba upande wetu pia kuna ufasaha. Nikamshukuru Mola kwa chuma alichokiteremsha na kwa mikono aliyoifundisha kazi. Nikawaombea wasafiri wote. Nikawaombea wanaovuka daraja la Rusizi ya Pili na vikapu vyao, wanaokwenda na wanaorudi. Nikaiombea mvua, kisha nikaliombea jua, ili wakulima wa Mururu wasione nimewasahau. Nilipotaka kufunga, nikakuta nimepoteza mahali pa kufungia. Nikarudi mwanzo, kwenye chuma.

Hapo ndipo kriki ilipozama upande mmoja, polepole kwanza, kisha kwa ghafla. Gari likaanguka. Ngoma ya breki ilitua kwenye katoni, mahali kilipokuwa kifua cha fundi, na ile spana ikadidimia udongoni isionekane.

Fundi aliitazama katoni yake, akavaa kofia, akaivua tena. Mwadhini ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake, ingawa imestaafu, bado ni ya mnara.

"Mumeona wenyewe? Ile dua ilimuvuta inje."

Kazi iliishia hapo kwa siku ile. Mvua ilirudi, fundi aliliinua gari tena, akarudisha gurudumu, akaenda zake, na mwadhini akaingia kwenye simu. Aliwatumia watu wote wa msikiti ujumbe wa sauti. Maghribi ilipofika nilikuwa nimelishika gari hewani kwa kidole. Nilisikia kwamba kwenye mazoezi ya kwaya habari ilifika pia, na huko gari lilingoja mpaka niseme amina, ingawa amina yenyewe sikuifikia. Watu walinipa mkono kwa mikono miwili. Kila mmoja nilimwambia, "Ni Mungu tu," kwa ile sauti ambayo mtu hutumia anapotaka asiaminiwe.

Mke wangu alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Alinimiminia chai, akasubiri nimalize kumsimulia, kisha akauliza swali moja.

"Na kama ungeomba fupi, Papa?"

Nikamwambia chai ina sukari nyingi.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuta magari matatu langoni kwangu. La kwanza lilikuwa na giaboksi inayolia. Dereva wake aliomba nisome chochote kinachofaa giaboksi. La pili lilikuwa linakwenda kukaguliwa, na mwenyewe alikiri kwa unyenyekevu kwamba breki hazishiki lakini imani anayo. La tatu halikuwa na ubaya wowote. Mwenyewe alitaka tu kinga. Mwadhini alikuwa amewapangia viti.

Fundi akaja anapiga mluzi. Alikuwa na kriki na sanduku la spana, basi. Nikamuuliza shandele.

"Nimeazimisha mwenzangu kule Rusizi ya Pili," alisema. "Yeye hana muzee wa kumuombea."

Watu wakacheka kwa furaha, mwadhini kuliko wote. Fundi akatandika katoni mpya palepale pa jana. Udongo ulikuwa mbichi zaidi. Akaanza kupiga kriki, gari likapanda, naye akanitazama kwa uso mkunjufu kama wa mtu aliyelipiwa nauli. Nikaelewa kwamba safari hii hatatoka ili kuombewa. Alikuwa amekwisha kuombewa. Angelala pale chini akiwa ametulia, na kilichokuwa kati ya kifua chake na lile gari ni sifa zangu.

Nimesoma dini tangu utotoni na nimeifundisha kwa watoto wa mtaa huu. Nilijua jibu kabla ya swali. Hata hivyo, nitasema kweli, nilisimama pale kwa muda nikitafuta njia ya kumwokoa yeye bila kuipoteza ile Ijumaa yangu. Nilifikiria kusema ardhi imelowa. Nilifikiria kusema nimeota. Kuota kungekubalika sana.

Akapiga magoti kwenye katoni. Nikamshika bega.

"Usiingie," nilisema. "Jana dua ilikuwa ndefu kwa sababu nilisahau mahali pa kuimalizia."

Akadhani ni mzaha. Nikaendelea, kwa sababu ukishaanza kuvua nguo mbele ya watu ni bora umalize. Nikawaambia kwamba nilirefusha ili kiongozi wa kwaya anisikie. Nikawaambia kwamba shandele nilizikosa kwa macho yangu kabla ya kuinua mikono, na nikanyamaza ili nionekane mpole. Kwamba Mungu alimtoa fundi chini kwa adabu ya fundi mwenyewe ya kutotaka kuombewa amelala, na mimi nikalibeba jambo hilo nyumbani kama langu.

Mwadhini alinivuta mkono. "Mwalimu, wachia hapo," alininong'oneza. "Unajiharibia, na viti nimeazima."

Fundi alibaki amepiga magoti. "Basi jana ulisahau tu, Muzee?"

"Nilisahau tu."

Aliigeukia katoni, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama jana. Kisha akainuka, akalishusha gari taratibu, akasimamisha pikipiki barabarani, akapanda akaenda. Sikujua kama amekasirika. Wale madereva watatu waliondoka mmoja mmoja. Yule wa giaboksi ndiye aliyeagana nami, na giaboksi yake ilisikika mpaka kona ya chini.

Fundi alirudi kabla ya adhuhuri, nyuma ya pikipiki, amezikumbatia shandele mbili kama mtu aliyetoka na mapacha hospitalini. Mwenzake alikuwa ameanza kuzitumia, ilibidi angoje. Hakusema mengi. Aliyawekea mawe magurudumu ya mbele, akaweka ubao mpana chini ya kriki, akaliinua gari na kulikalisha juu ya shandele. Kisha akaihamisha kriki na kuiweka chini ya ekseli, ili bolti ikitoka ekseli isianguke na kuukata mpira wa breki. Nilimwambia, mbele ya watu, kwamba ile nati ya katikati haiguswi mpaka springi ifungwe kwa vibano pande mbili, nikamwonyesha kovu langu. Akalitazama, akasema alikuwa akidhani ni la kusujudu.

Mwisho akalisukuma gari kwa nyonga, mara tatu, kwa nguvu. Halikutikisika. Akalala.

"Tuombee, Muzee," alisema kutoka chini.

"Bismillahi," nilisema.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Fungua."

Mimi na wale wazee wanne tulikwenda msikitini kwa miguu, tukipanda mlima kwa kulalamika. Mwadhini alitembea mbele peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwaibisha. Mke wangu alibaki uani, amekaa kwenye kimoja cha vile viti vya kuazima, macho kwenye shandele. Aliniambia baadaye kwamba hakuomba kwa sauti, lakini kila fundi alipovuta spana alimuuliza kama vyuma bado vimesimama, mpaka fundi akamsihi aende kupika.

Tuliporudi, amotisere zote mbili za zamani zilikuwa zimelala kwenye majani, zikivuja mafuta meusi, na fundi alikuwa ananawa mikono, yote miwili. Nilivihesabu vidole. Nilimshukuru Mungu kwa maneno machache sana.

Sasa gari linapita kwenye mashimo kama mtu anayeomba radhi. Wazee wananilalamikia tena: wanasema nyuma kuna utulivu mno, wanasinzia, na mtu akisinzia habari ya udhu inaanza upya. Mke wangu amerudi kupanda, ingawa ile kofia ngumu ameiweka kwenye kiti cha nyuma, karibu. Hakuna tena anayekuja kunitafuta kwa ajili ya giaboksi.

Fundi naye hajanitania hata siku moja kwa neno. Ila nikipita mahali anapofanya kazi, huwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana. Akiisikia sauti ya gari langu, huigonga shandele kwa spana, mara mbili. Nami hushusha kioo nikaitikia, "Amina."