Kadi ya Mfalme Nyumbani kwa Mgomaji

Dada yangu Mavis alikuwa na vikombe vya ufalme kabati zima. Cha kutawazwa, cha yubile, cha harusi ya huyu na yule, na kopo la biskuti lenye picha ya Malkia ambalo ole wako utie biskuti ndani. Na katika wanaume wote wa huku kwetu Yorkshire, Uingereza, akaenda kuolewa na Wilf Staniforth, mchimba makaa ambaye hajapata kunywa chai kwenye kikombe hata kimoja kati ya vile. Wimbo wa taifa ukipigwa kwenye televisheni, Wilf anatoka nje kutazama mawingu. Krismasi, ikifika saa tisa na Malkia anaanza kuhutubia, Wilf yuko jikoni anaosha vyombo. Mavis alikuwa akisema laiti Malkia angehutubia kila siku.

Nasema haya msije mkadhani hawakupendana. Walipendana mpaka kero. Hawakujaliwa mtoto, basi kila mmoja alimdekeza mwenzake. Wilf akitoka shambani kwake na kabichi anamletea mkewe kama vile kaleta maua, na Mavis anaipokea vivyo hivyo, anainusa. Mimi mdogo wao nilikuwa nakaa pale nikiwatazama, nasema jamani, kabichi hiyo!

Chuki ya Wilf na ikulu ilikuwa ya maneno tu mpaka ulipokuja mwaka wa mgomo. Wachimbaji waligoma karibu mwaka mzima, na hapa kijijini hakuna asiyejua nani aligoma na nani alipanda basi lenye nyavu madirishani akaenda kazini. Wilf aligoma. Siku moja langoni mwa mgodi polisi walikuja na farasi, yeye akarudi nyumbani kichwa kimeshonwa, na baadaye akashtakiwa kwa fujo. Ikaja karatasi ya mahakama, juu imeandikwa: Malkia dhidi ya Wilfred Staniforth.

Kila mtu anajua kesi zote kubwa nchini huandikwa hivyo. Mwizi wa kondoo naye anashtakiwa na Malkia. Mavis alijua pia, si mjinga. Lakini aliishika ile karatasi, akakaa kwenye ngazi, akalia.

"Malkia amekushtaki, Wilf."

"Malkia hanijui hata kwa sura. Kama angenijua angenipenda."

"Usinichekeshe. Leo usinichekeshe."

Kesi ikafika, mashahidi wakakorogana, huyu anasema mawe, yule anasema chupa, hakimu akaifuta. Wilf akatoka mtu huru. "Sikukosa kitu," alisema siku ile, na aliendelea kusema miaka arobaini. Mavis alikuwa akimjibu "Najua, mpenzi," kwa sauti ile unayomwambia mtoto aliyevunja sahani.

Sasa tufike kwenye kadi. Mama yetu alipotimiza miaka mia, kadi ya pongezi ya Malkia ilikuja yenyewe. Hatukuomba, hatukuandika, postamani aligonga kengele badala ya kutupia mlangoni, akampa Mama mkononi na kumwinamia. Mavis hakuisahau siku ile. Tangu hapo akawa anahesabu miaka ya ndoa yake, maana waliotimiza sitini nao hupata kadi, na hata Malkia alipofariki na mwanawe akawa Mfalme, hakuacha kuhesabu. Alimwambia kila mtu. Wilf naye akasema kwamba siku hiyo atakuwa shambani, ila nilimwona amepeleka suti kwa dobi.

Siku yenyewe, Septemba, Mavis alivaa gauni la bluu, nywele kazitengeneza saluni. Mimi nilipanga mezani pai za nyama, sandwichi, keki ya matunda. Majirani walikuja. Postamani akaja, akatupia mlangoni bili ya maji na katalogi ya mbegu. Mavis akasema labda kuna gari maalumu. Tukanywa chai. Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Dada yangu alibaki amesimama nyuma ya pazia mpaka giza likaingia, na mimi nikashindwa kumwambia aketi.

Kilichommaliza ni akina Utley. Brenda na Ron Utley walitimiza sitini yao mwezi Juni, na kadi waliiweka dirishani, kijiji kizima kiione. Na Ron ndiye aliyepanda lile basi la nyavu. Alivunja mgomo. Kwetu mtu wa namna hiyo hupaswi kumsalimu tena, wewe wala mkeo wala mwanao, unavuka barabara.

"Umeona sasa?" Mavis aliniambia. "Ron wamempa. Sisi hapana. Wameandika, Hazel. Kule hawasahau."

"Wewe nawe! Nani akae ikulu anaweka jina la Wilf?"

"Alishtakiwa na Malkia. Si limeandikwa?"

Nikamwuliza Wilf kando kama jambo hilo linawezekana. Akakuna kidevu. "Orodha zetu walikuwa nazo, shemeji. Watu walinyimwa kazi kwa orodha. Siwezi kuapa."

Yaani hata yeye aliamini. Mtu aliyesema miaka yote hakukosa kitu sasa alitembea kwake mwenyewe kama mgeni aliyevunja glasi. Mavis hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipakia vikombe vyote kwenye maboksi, akavipeleka darini. Alimwekea Wilf chakula na kugeuka. Kabichi ikija anaiweka kwenye sinki. Mara moja tu nilimsikia akimwambia, "Jina langu nimelifunga kwenye lako miaka sitini, Wilf, ona liliponifikisha." Naye akachukua kofia yake akaenda shambani kwenye mvua.

Desemba madaktari wakamgundua Mavis na saratani, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Kitanda kikashushwa sebuleni. Wilf alimwosha, alimlisha, alimgeuza, na Mavis alisema "asante" kama unavyomwambia nesi. Kilichonitoa machozi si ugonjwa. Ni ile asante.

Januari nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, nimeenda kumchukulia dawa za maumivu. Mbele yangu, nani? Brenda Utley. Miaka arobaini sijampa hata salamu. Akageuka.

"Nasikia Mavis ni mgonjwa sana. Pole, Hazel."

Ningenyamaza kama kawaida. Lakini nilikuwa sijalala, na hasira zilikuwa zimenifika hapa. "Pole yako kaa nayo. Nyie ndio mnaoletewa kadi na wafalme."

Akanitazama kama hakunielewa. "Kuletewa? Binti yetu ndiye aliyetuombea. Alijaza fomu, akapeleka na cheti cha ndoa. Usipoomba watajuaje?"

"Mama yetu hatukumwombea."

"Ya miaka mia hiyo, watu wa pensheni wanapeleka habari wenyewe. Ndoa hakuna anayepeleka. Ina maana ninyi hamkuomba?" Akashika mdomo. "Lo, Hazel! Bado inaombeka, haijafika nusu mwaka. Waharakisheni."

Nilichukua dawa nikaondoka hata bila kuaga. Fomu! Hakuna orodha, hakuna chuki, hakuna Malkia wala Mfalme anayewaza mambo ya mgodi. Ni kwamba hawakuwa na binti wa kuwajazia fomu, na mimi dada mtu sikujua, na kijiji kizima kilichokula pai siku ile hakikujua.

Wilf alikuwa jikoni anaponda viazi vya Mavis. Nikamweleza yote kwa kunong'ona, mlango wa sebuleni umerudishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe! Haijawahi kuwa wewe. Twende tukamwambie sasa hivi." Nikaushika mlango. Akanishika mkono, na alishika kweli.

"Usimwambie."

"Una wazimu? Miezi yote hii anakupa kisogo!"

"Ndiyo sababu. Shemeji, tumia akili. Ukimwambia ilikuwa fomu tu, atajua alininunia bure. Atahesabu siku zote zile, na hana nyingine za kulipia. Atakufa na hilo. Mimi nimezoea kuwa mkosaji. Niache nilivyo."

Nikamwambia ni mpumbavu. Nikalia palepale kwenye viazi. Akanipa leso yake yenye udongo.

Fomu tuliijaza kwangu. Nikamwambia aniachie mimi nijaze, akakataa, akasema kama ni kuomba, ataomba mwenyewe kwa mkono wake. Alinyoa ndevu kwanza. Mchimba makaa yule, ambaye wakati wa mgomo alikula supu ya msaada mwaka mzima badala ya kumpigia mtu magoti, akakaa mezani na kalamu.

"Niandike tafadhali wapi?"

"Ni fomu, shemeji. Hakuna mahali pa tafadhali."

"Basi si watu wenye adabu," akasema, akaendelea kuandika. Alipomaliza alikunja nakala ya cheti chao cha ndoa polepole, akaenda posta kwa miguu, hakutaka niende naye.

Tukangoja. Mavis alikuwa anaisha. Wilf alikuwa anamsikiliza postamani kutoka mwanzo wa barabara, anakimbilia mlangoni na magoti yake yale mabovu, anarudi na karatasi za matangazo. Nesi akatuambia tujiandae. Nilimwona Wilf amesimama mlangoni anamwomba Mungu, na yeye na Mungu pia walikuwa hawasalimiani.

Asubuhi moja kengele ikalia. Postamani alimpa bahasha mkononi. Wilf hakuifungua. Akaenda nayo kitandani, akamwinua Mavis kwenye mito, akamvalisha miwani.

"Mavis. Ni yako."

Alikuwa na nguvu kidogo sana. Wilf alimsaidia kuchana, na kadi ikatoka, yenye picha ya Mfalme na mkewe, na ndani maneno ya pongezi kwa miaka sitini ya ndoa, Bwana na Bibi Staniforth. Mavis alipitisha kidole juu ya jina. Alipitisha tena. Kisha akamtazama mumewe, akamtazama kweli, kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

"Wamekusamehe, Wilf."

Nilisimama miguuni pa kitanda na damu ikanichemka. Kumsamehe nini? Kupigwa kichwani? Kufutiwa kesi? Nikafungua mdomo. Wilf hakunitazama, ila aliuinua mkono wake kidogo juu ya shuka, kunizuia.

"Ndiyo, mpenzi," akasema. "Wamenisamehe."

"Umewaomba radhi?"

"Nimewaomba."

Mavis akatabasamu. "Nilijua ipo siku utawaomba. Basi na mimi nimekusamehe." Akamshika mkono, akaulaza shavuni kwake. Baadaye aliomba chai, na aliomba iletwe kwenye kikombe cha kutawazwa, Wilf akapanda darini kukitafuta. Chai hakuweza kuimaliza. Wilf akainywa iliyobaki, kwenye kikombe kilekile, mbele yake, na dada yangu akacheka kwa pumzi aliyokuwa nayo.

Alifariki wiki ileile, mkono wake ungali kwenye wa mumewe.

Kadi iko dirishani mpaka leo. Kwenye klabu ya wachimbaji, wazee wenzake walimcheka sana, wanamwuliza lini atapewa cheo ikulu, na yeye anakunywa bia yake. Nikamwambia awaeleze. Akasema habari husafiri, zitamfikia Mavis hata huko aliko.

Juzi tulikwenda makaburini na maua. Akapiga goti, akang'oa majani, akamweleza Mavis habari za kabichi. Mimi nikasimama pale na moto uleule kifuani. Nikasema moyoni, sasa je? Sasa nani ataumia? Nikainama karibu na jiwe. "Mavis," nikaanza, "mumeo hakukosa—"

Wilf akanikanyaga mguu.