Sekunde Tano za Kuvisha Habu

Mtaani walimwita Rubani, na jina lenyewe lilianza kama kejeli. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye kiwanda cha pampu za maji, umri umeshavuka sitini, na ndege hakuwahi kuipanda hata siku moja. Lakini mwaka wa tisa huo alikuwa akiunda ndege ya kiti kimoja, bandani nyuma ya nyumba aliyoishi na dada yake mkubwa, mkunga mstaafu. Mabawa yalining'inia juu, yamefunikwa shuka kuukuu. Injini, iliyotolewa kwenye kigari kilichokufa siku nyingi, ilikuwa mezani vipande vipande.

Kilichomkaba roho kilikuwa habu. Ni chuma cha duara, ukubwa wa kikombe, kinachovishwa kwenye ncha ya krankshafti, ule mhimili uliopindapinda unaosukumwa na pistoni. Propela hufungwa kwenye habu. Ikilegea angani, propela inakwenda zake nawe unakwenda zako. Ndiyo maana tundu lake hukerezwa dogo kuliko ncha yenyewe, tofauti ya unywele tu. Habu inatiwa kwenye moto itanuke, krankshafti inatiwa kwenye baridi isinyae, kisha unavisha kwa mkupuo mmoja. Una sekunde tano, labda sita. Zikipita, chuma kimeng'ang'ania chuma, utasukuma mpaka uchoke.

Mara ya kwanza, miezi minne nyuma, zilimpita. Habu iliingia upande ikakwama nusu njia. Siku mbili nzima aliikata kwa msumeno, taratibu, asije akaijeruhi krankshafti. Dada yake alipouliza, alisema vipimo vilikosewa. Dada mtu akasema, "Pole," akaendelea kukunja nguo.

Akakereza nyingine. Kila akimaliza zamu, mgongo ukimlilia, alibaki nusu saa kwenye mashine kwa ruhusa ya msimamizi. Vipimo vilikuwa vilevile. Havikuwa na kosa tangu mwanzo, naye alilijua hilo.

Jumamosi asubuhi habu ilikuwa ovenini, na krankshafti ilikuwa imelala kwenye friza tangu jana yake.

"Mgeni wako kawabana samaki wangu," dada yake alisema. "Mtoe, nao wapumue."

Akaitoa, akaisimamisha kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, lenye vibao ili meno yasiikwaruze, akafuta umande. Akavaa glavu za kuchomelea. Hapo mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, kwanza kidole gumba, kisha kiganja chote. Akaubana kwenye aproni, akasimama hivyo kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

"Vua glavu," dada yake alisema.

"Ni uchovu tu, dada. Wiki nzima sikulala vizuri."

"Mdogo wangu, huu mwaka wa pili unajaza chai nusu kikombe. Unadhani naishi na nani humu ndani?"

Alitazama sakafu, vumbi la chuma lililokusanyika kwenye pembe, ambalo siku zote alisema atalifagia kesho.

"Miaka thelathini na minne nimepokea watoto," dada yake akaendelea, sauti ileile ya chini. "Watoto wanateleza kuliko hicho chuma chako, wala sikuangusha hata mmoja. Nieleze kinaingiaje."

Katika ndege ile hapakuwa na ubavu ambao hakuukata mwenyewe, wala msumari aliogongewa na mtu. Kuzivua zile glavu kulimwia vigumu kuliko siku mbili za msumeno. Lakini alizivua, akampa.

Krankshafti ikarudi kwenye friza. Kwa saa nzima alimfundisha kwa ile habu ya zamani iliyokatwa: alama nyeupe itazamane na alama nyeupe, shika pande zote mbili, shusha wima, usisite, usigonge. Dada mtu alirudia mpaka akakereka. "Nimeelewa," alisema. "Hata wanafunzi wangu sikuwachosha hivi."

Kisha krankshafti ikatolewa tena, ikasimamishwa kwenye jiliwa. Rubani akashika taa. Dada yake akatoka jikoni mbiombio, habu mikononi, ndara zikipiga sakafu. Hakusita. Alama ikakutana na alama, habu ikashuka, ikatoa mlio mdogo kama kifuniko cha sufuria, ikatulia kitakoni mwake. Akaikandamiza mpaka mdogo wake alipomwambia, "Achia sasa."

Waliiacha ipoe. Alipoipima, akiizungusha polepole kwa vidole, mshale wa kipimo ulicheza kidogo sana, chini ya kile alichokiomba.

"Imekaa?" dada yake aliuliza.

"Imekaa."

"Vizuri, au imekaa tu?"

"Vizuri kuliko ambavyo ningeiweka mimi."

Rubani akakaa juu ya ndoo. Kwa miaka aliiwazia saa hii, akidhani atacheka, au machozi yatamtoka. Alichotaka ni kujilaza tu.

"Dada, hii ndege sitairusha mimi."

"Najua. Na Jumatatu tunakwenda hospitali."

"Jumatatu nina zamu."

"Msimamizi wako nilimpigia simu jana."

Walikwenda. Daktari aliupa ule mtetemeko jina refu na vidonge vya mara tatu kwa siku, akasema hautaisha ila utapunguzwa kasi. Injini ikaendelea kufungwa Jumamosi kwa Jumamosi, dada mtu akikaza boliti, yeye akisoma vipimo na kulalamika kwamba anakaza kwa hasira.

Ilichukua miezi mitano. Siku ilipowaka, vumbi lilitua lote kwenye nguo alizoanika jirani, naye jirani akaja amefura, kisha akasimama akitazama propela. Rubani aliisikiliza dakika tatu, kichwa kimeinama. Haikugonga mahali popote. Akaizima, akaingia ndani, akalala mchana kweupe bila hata kuvua viatu.