Ufagio Unaokoma Kizingitini

Tangu wagombanie nyumba ya marehemu baba yao na kila mmoja kutia kufuli chumba chake, dada mkubwa hufagia ukumbi kila asubuhi, na ufagio wake hukoma kwenye kizingiti cha kitindamimba.

"Dada, si ungemalizia na hapa?"

"Kila mtu na chake. Si ndivyo ulivyosema?"

Mvua za huku hunyesha mchana tu, kitindamimba akiwa kazini. Zikianza, dada hutoa ufunguo wa pili wa lile kufuli, alivyoupata anajua mwenyewe. Huingia, hukinga matone kwa ndoo hadi mvua ikatike, hufuta nyayo zake, hufunga.

Jioni wakizungumzia matengenezo, kitindamimba hunyoosha miguu. "Paa tengenezeni nyie. Kwangu halivuji hata tone."

Dada hukamua tambara taratibu.

"Una bahati," humwambia.