Zamu ya Bukini

Mama alishuka kutoka kwetu Mbaga, milimani, na vitu vitatu: mkongojo aliopewa hospitali na ambao aliuchukia, begi la nguo, na bata bukini wawili, dume na jike, ndani ya tenga lililofungwa kamba. Njiani dume lilikuwa limemng'ata utingo wa basi mara mbili. Mama alinisimulia jambo hilo kwa fahari, hata shikamoo yangu aliiitikia baadaye.

Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameanguka nyuma ya nyumba yake, pale njia inaposhuka kuelekea migombani. Alilala chini tangu asubuhi mpaka alasiri, manyunyu yakimlowesha, hadi akapita mtu anayetafuta mbuzi wake. Nyonga haikuvunjika, ilipata ufa tu. Hilo neno "tu" ni la kwake. Mimi saa zile alizolala peke yake mlimani nimezihesabu mara nyingi. Kaka zangu walioko Dar walijadiliana kwa simu, wakakubaliana kwamba asiishi tena peke yake, kisha kazi yote wakaniachia mimi niliye karibu, kama kawaida ya kaka.

Mama alikubali kushuka Same, mjini kwangu, kwa sharti moja. Alilitoa akiwa bado amesimama uani kwangu na vumbi la safari.

"Hawa bukini wakikaa, na mimi nakaa. Wakishindwa, tunarudi wote watatu. Na usije ukanililia."

"Sawa, Mama," nikasema. Nilikuwa na bata saba tayari, dume mmoja na majike sita, na nilijiona mtaalamu. Bata ni bata, nikajiambia.

Begi hakulipakua. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba nilichompa. Kila asubuhi alitoa gauni moja, na kila alipofua alilikunja gauni hilo, akalirudisha humo humo, akavuta zipu. Nilikuwa nimemwachia rafu nzima katika kabati. Ilikaa tupu, na mimi kila nilipopita niliiona.

Uani kwangu kuna kibwawa cha saruji, ukubwa wa godoro la futi tatu, alichonijengea fundi mmoja kwa mabaki ya saruji ya choo. Same hakuna maji ya mchezo. Unakaa uani kwako unaitazama milima imejifunika mawingu, unajua kabisa kwamba huko juu watu wanalalamikia matope, na wewe bomba lako linakohoa hewa. Maji ya kibwawa niliyabadilisha kwa mgao, na yale machafu yakaenda kwenye mchicha. Bata walikuwa wameridhika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Huyu dume wa bukini siku ya tatu alishajitwalia shamba. Aliingia kwenye kibwawa na mkewe, akanyoosha shingo, na bata yeyote aliyesogea alikula kipigo cha bawa. Dume langu la bata, ambalo lilikuwa na kiburi chake, lilijaribu mara moja likatoka linaburuza bawa. Majike sita yakajibanza nyuma ya mashine yangu ya cherehani, kwenye varanda ninaposhonea sare za shule, yakanichafulia vitambaa vyeupe. Jirani yangu mwenye duka alichungulia juu ya ukuta.

"Shoga, hao wageni wako wanawahi kuamka kuliko adhana. Wauze, au mchinje huyo dume tule pilau."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anachambua maharage ya makande. Alisikia vizuri. Aliinua macho akanitazama, akangoja nitasema nini.

"Hauzwi mtu hapa," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jibu la shida yangu nililitoa mlimani kwetu. Mimi nimezaliwa na kukua kwenye maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo babu zetu walilijenga ubavuni mwa mlima. Usiku linazibwa lijae maji ya kijito, asubuhi linazibuliwa, na maji yanashuka mferejini kwa zamu, shamba baada ya shamba. Ukuta ukipasuka, unapigwa msaragambo, kazi ya wote, na kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Ukiiba zamu ya mwenzako unatozwa, hata uwe nani. Kwa utaratibu huo watu wasiopendana kabisa wameishi kwenye mfereji mmoja miaka yote, na mahindi yao yamekomaa.

Basi na mimi nikaweka zamu. Nilizungushia kibwawa wavu wa kuku, nikatengeneza vigeti viwili vya mabanzi, kimoja upande wa bata, kingine upande wa bukini. Asubuhi ni bata. Alasiri ni bukini. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye mabeseni, kila upande lake, muda wote. Siku nne za kwanza dume la bukini lilisimama getini likinitukana. Ya tano likaelewa. Bawa la dume la bata likapona, majike yakarudi majini, na mimi nikawa napiga mluzi huku nashona.

Mama alitazama vigeti vyangu, akasema "Mh," akaendelea na maharage.

Baada ya wiki kadhaa jike la bukini likaanza kutaga. Nilimwekea tairi chakavu la lori lililojazwa majani makavu, chini ya paa la varanda, naye akataga mayai manane akayalalia. Furaha niliyoipata siwezi kuificha. Ndege anayelalia mayai amekaa, hana safari tena. Niliiona ile rafu tupu ikijaa magauni. Mama alitundika kalenda ya kanisa ukutani, akaniambia bukini huchukua siku thelathini, basi.

Kila alfajiri nilipokuwa nafagia, jike lilishuka kwenye tairi mara moja. Lilikwenda moja kwa moja kwenye kigeti, likasimama pale, likatoa sauti ndogo ya chini chini. Ndani bata walikuwa wanaoga, zamu yao. Mimi nilicheka.

"Zamu yako alasiri, bibi."

Lilikunywa maji kwenye beseni, likarudi kwenye mayai likiwa kavu kama lilivyotoka. Alasiri, kigeti chake kilipofunguliwa, halikushuka. Nikadhani ni bidii ya ulezi, nikalisifu.

Siku ya thelathini ilipita. Ya thelathini na mbili. Ya thelathini na tano Mama aliomba yai moja, akaliweka sikioni, akalipasua polepole kwa kijiko. Mtoto alikuwamo, kamili, na kucha zake na mdomo wake. Ngozi ya ndani ya yai ilikuwa imekauka na kumgandia mwilini, hakuweza kujigeuza atoboe. Tulipasua yote manane. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

Mama alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na begi. Aliliweka kwenye kiti cha varanda.

"Kesho asubuhi kuna basi," alisema.

Nilikuwa nimeapa kutolia, na nililia. Halafu hasira ikanijia ikayakausha machozi.

"Mama, wamekufa kwa nini?"

"Kwa ukavu. Bukini akilalia huoga kila alfajiri, anarudi na unyevu tumboni, anayalowesha mayai. Kule kwetu hata asipooga ukungu unamsaidia. Huku kwenu hakuna ukungu."

"Ulijua?"

Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua.

"Nilimwona kila siku pale getini," alisema. "Nilitaka kurudi nyumbani kwangu, mwanangu. Nikanyamaza. Watoto wanane wa mwenzangu, na mimi nimekaa nachambua maharage."

Mimi ndiye niliyefunga geti na kucheka, yeye ndiye aliyetazama. Jike lilikuwa linazunguka tairi tupu likiita. Kisha Mama akasema, taratibu, kama anayejisemea, "Na wewe umesahau. Kwenye mfereji wetu nyumba yenye mzazi haikungoja zamu."

Ndipo nikakumbuka. Alipozaliwa kaka yangu mdogo nilikuwa na miaka sita. Asubuhi hiyo, na haikuwa siku yetu, maji yalifika hadi nyuma ya jiko. Wanaume walikuwa wamefungua mfereji upande wetu bila kuombwa, na yule ambaye zamu ilikuwa yake alikuwa amekaa juu ya jiwe na jembe lake, anasubiri tuchote mpaka tutosheke. Mwanamke aliyejifungua haambiwi angoje alasiri. Nilikuwa nimeichukua sheria ya ndiva, na kipande chake chenye utu nikakiacha mlimani.

Niliinuka, nikabeba begi, nikalirudisha kwenye msumari wake.

"Kesho huondoki," nikamwambia. "Tulipatana wakishindwa. Hawa hawakushindwa. Wewe ulijua ukanyamaza, mimi nikafunga geti. Tunaanza upya."

Alinitazama. Mimi ukaidi nimeurithi kwake, na nadhani aliutambua.

"Mara moja," alisema. "Mara moja tu."

Wiki sita tulingoja. Jirani alinicheka, akasema nimefungua hoteli ya bukini. Kaka mmoja alipiga simu kuniambia nisimsumbue Mama na mambo ya ndege. Nikamwambia aje amtunze yeye, na simu ikakatika yenyewe. Maji ya kuogea nilijipimia kopo moja ili kibwawa kisikauke. Nilikuwa nimeamua, na mtu aliyeamua hana haja ya kushauriwa sana.

Jike lilitaga tena, mayai sita, kwenye tairi lile lile. Alfajiri ya kwanza ya kulalia niliamka kabla yake. Nililizuia lile kundi la bata, nikafungua kigeti cha bukini. Jike liliingia majini, likazamisha kichwa mara tatu, likajitikisa, likarudi kwenye tairi linachuruzika. Haikuchukua hata dakika tano. Kwa dakika tano hizo niliwaua wanane.

Wiki ya pili nilichelewa kuamka. Nilikuwa nimeshona sare mpaka macho yakachoka. Nilikurupuka, nikatoka na khanga moja, nikamkuta Mama ameshafika. Alikuwa amesimama katikati ya vigeti viwili, ule mkongojo asioupenda ameuweka mlalo kuwazuia bata, na dume langu la bata linamzomea miguuni.

"Subirini," alikuwa anawaambia. "Kuna mzazi."

Tangu siku hiyo zamu ya alfajiri ikawa yake. Sikumwomba, wala yeye hakuniambia. Alfajiri nilisikia mkongojo ukigonga saruji, na nilibaki kitandani nikisikiliza hadi sauti ya maji ikome.

Siku ya thelathini na moja watoto wanne walitoka, rangi ya manjano yenye masizi. Dume liliwazunguka likimtishia kila mtu, pamoja na jirani aliyekuja na kikombe cha chenga za mahindi na macho ya kuomba wawili. Bata walitazama kwa mbali. Yai la tano lilikuwa limetobolewa kidogo tu, mtoto anahema ndani, mnyonge. La sita halikuwa na kitu. Mama aliniambia niende na sare zangu shuleni, walimu wananisubiri, nisimsimamie kichwani.

Nilirudi mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Nilifungua kabati kuweka mabaki ya vitambaa, nikakuta rafu ile imejaa. Magauni ya Mama yalikuwa yamekunjwa, khanga zake mbili mbili, kitabu cha nyimbo za kanisani, picha ya Baba. Alikuwa hata amezisogeza nguo zangu ili zake zipate nafasi.

Begi lilikuwa jikoni, sakafuni karibu na jiko la mkaa, zipu wazi. Niliinama nilichukue nikalisukumie uvunguni, mahali ambapo hatalifikia kwa urahisi.

"Wewe, liache hilo begi," Mama alisema kutoka kwenye kigoda chake, bila kuinua macho. "Lina mtu ndani, yule wa tano, amelala."